Okidi ya Baba

Wasomaji wa jarida letu wamezoea kukutana humu na uchambuzi wa riwaya, mijadala ya istilahi na shairi moja mawili ya kuchangamsha bongo. Makala haya hayamo katika mafungu hayo yote. Ni kisa cha mmea mmoja uliohamishwa kutoka ndoo ya rangi hadi chungu cha udongo, nyumbani kwetu Kimilili, mwezi wa Machi 2024. Hata hivyo, ninaomba nafasi, kwa kuwa kisa chenyewe kilianza na neno, na maneno ndiyo kazi yetu.

Neno lenyewe ni kimelea. Nilitamkiwa siku ya pili baada ya Krismasi ya mwaka 2023, jamaa walipokusanyika kwetu kama ilivyo ada. Baba mdogo alimaliza chai yake, akaweka kikombe chini, akaniuliza nina miaka mingapi. Nikajibu kuwa ninayo 28. Akaniuliza iwapo nimeoa. Nikanyamaza. Akaniuliza ile shahada ya uzamili ya Kiswahili itakwisha lini. Nikasema nimeahirisha muhula hadi karo ipatikane. Hapo akawageukia wengine.

"Wenzake wana watoto shuleni. Huyu bado anakula kwa mamaye. Mnaujua mmea ule unaoota juu ya mti wa watu, ukaufyonza hadi ukakauka? Kimelea."

Watu walicheka. Sidhani walicheka kwa ubaya. Mtu akishashiba kuku wa Krismasi hucheka upesi. Mama hakucheka. Aliinuka, akaanza kukusanya vikombe ambavyo vingine vilikuwa bado na chai.

Sikumjibu baba mdogo. Kwanza, adabu haikuniruhusu. Pili, na hili ndilo lililonikosesha usingizi usiku ule katika simba yangu, alikuwa na ushahidi. Mbele ya mlango wa jikoni kulikuwa na kisiki.

Kisiki hicho kilikuwa cha lusiola, mti ambao kila mwenyeji wa magharibi mwa Kenya anaujua: mrefu, wenye maua ya manjano yanayodondoka uani yakatandika zulia, na mbao zinazopendwa na maseremala. Ulipandwa kabla sijazaliwa. Baba alikuwa mpakiaji wa malori ya mbao yaliyokuwa yakienda Kitale, na siku moja, nikiwa mtoto wa darasa la pili, alirejea na kitu alichokifunga kwa gunia. Palikuwa na mti uliokatwa, na juu ya tawi lililoachwa litupwe alikuta mmea wenye mashina membamba yaliyosimama kama miwa midogo. Akasema si haki ufe kwa sababu ya kosa ambalo si lake. Akaegemeza ngazi, akapanda, akaufunga kwenye panda ya lusiola letu kwa kamba ya kigomba. Mwaka wa tatu ukachanua: maua ya manjano yenye madoa ya hudhurungi, mengi, yenye harufu nyepesi wakati wa asubuhi. Baba hakuwa na jina lake. Aliuita "mgeni wangu".

Baba alifariki mwaka 2019. Mwaka 2022 nilipopata nafasi ya kusomea uzamili, Mama aliuza lusiola ule kwa seremala ili nilipe karo ya mwaka wa kwanza. Siku mti ulipoangushwa mimi nilikuwa chuoni nikipanga foleni ya usajili. Nilisimuliwa baadaye kwamba aliwasihi wenye msumeno walishushe kwanza tawi la mgeni kwa kamba, taratibu, kana kwamba wanashusha mtoto. Wakafanya hivyo. Mama akaubandua mmea, akatafuta ndoo ya rangi ya lita 20, akaijaza udongo mweusi wa chini ya migomba na samadi iliyoiva, akaupanda humo. Kila asubuhi kabla ya kukamua ng'ombe aliumwagilia maji.

Ndoo ile haikuwa na tundu hata moja.

Hapa sina budi kuungama jambo la aibu. Tasnifu yangu inahusu taswira ya maua katika fasihi ya Kiswahili. Ninaweza kukueleza, msomaji, jinsi asumini na waridi yalivyotawala ushairi wetu wa mapenzi, na jinsi ua lilivyoingia hadi kwenye majina ya riwaya zetu, kutoka Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971 hadi Ua la Faraja ya William Mkufya ya mwaka 2004. Nimejaza kurasa 60 kuhusu ua kama ishara ya uzuri, ya usafi, ya upitaji wa dunia. Ilhali ua halisi lilikuwa likifa hatua kumi kutoka mezani pangu, nami nilikuwa nikilipita kila siku nikienda kunawa.

Nililitazama kwa mara ya kwanza mapema Januari, kwa hasira. Nilitaka kuona kimelea kinafananaje. Majani yalikuwa yamegeuka manjano na mengine yalikuwa yameanguka. Mashina kadhaa yalikuwa yamenywea, na ukiyabinya yalitoa maji. Ndoo ilinuka kama shimo la maji machafu. Nilijiambia: basi huyu mgeni naye, aliponyang'anywa mti wa kunyonya, ameshindwa kujitegemea. Nilikuwa ninajizungumzia mwenyewe.

Lakini mwanafunzi wa lugha hawezi kutukanwa kwa neno asilifungue tumboni. Kimelea limetokana na kitenzi mea. Tukikinyambua katika kauli ya kutendea tunapata melea, yaani kumea mahali fulani au juu ya kitu fulani. Tukiongeza ki- tunapata kile kinachomelea. Kuna na neno jingine, kirukia, ambalo nalo huhusishwa na mimea inayokaa juu ya miti. Hilo limetoka kwa rukia. Angalia basi: neno la kwanza lasema mmea umeotea wapi, la pili lasema umefikaje huko. Hakuna hata moja kati ya hayo linalosema mmea unakula nini. Maana ya unyonyaji tumeiongeza sisi, kwa matumizi na kwa vitabu vya sayansi, hadi tukaona kwamba yeyote aliye juu ya mwingine lazima awe anamfyonza.

Wanyonyaji wapo, sikatai. Juu ya mparachichi wetu kuna kirukia wa kweli. Ndege humeza tunda lake, mbegu yenye ulimbo hunata kwenye tawi, ikaota na kupenyeza mzizi ndani ya mti wenyewe hadi kwenye mishipa ya maji. Ukikata tawi lile utaona mahali miili miwili ilipoungana. Tawi hilo hudhoofika mwaka hadi mwaka. Nilipanda nikachunguza, kisha nikashuka nikaichunguza mizizi ya okidi iliyokuwa imening'inia nje ya ndoo. Haikuwa na ncha za kupenya chochote. Ilikuwa minene, myeupe, inayoshikilia tu.

Mwezi wa Februari nilipata safari ya Kitale, kupeleka nyaraka za binamu yangu. Nilipanda matatu Kamukuywa, nikapita Kiminini, nikamaliza shughuli mapema. Saa zilizobaki nilizitumia katika jumba la makumbusho, ambako nyuma ya majengo kuna njia inayopita katika kipande cha msitu wa asili. Niliyapita maelezo ya mila zetu bila kusoma, nikaingia msituni, nikatembea nikiwa nimeinua kichwa. Miti mikubwa ilikuwa imebeba wageni: kuvu, kangaga na okidi. Na miti hiyo ilikuwa mizima. Hakuna aliyekuwa amekauka kwa kubebeshwa.

Nikitoka nilisimama kwa mama mmoja auzaye miche kando ya barabara. Nilimweleza mmea wetu. Aliniuliza swali moja tu: "Umeupanda kwenye udongo?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa. "Utauzika ukiwa hai, mwanangu. Huo haukai ardhini. Mizizi yake inapumua."

Niliyoyasoma baadaye yalithibitisha maneno yake. Mmea wa Baba, kwa sifa zake zote, ni ule unaoitwa kitaalamu Ansellia africana, ambao wengi huufananisha na chui kwa ajili ya madoadoa yake. Jina hilo ulipewa mwaka 1844 na mwanabotania Mwingereza John Lindley, kwa heshima ya John Ansell, mtunza bustani aliyeukuta mwaka 1841 katika kisiwa cha Fernando Po, ambacho leo ni Bioko ya Guinea ya Ikweta. Huota kuanzia Afrika Magharibi hadi mwambao wetu na kushuka hadi Afrika Kusini. Kila mzizi wake umevishwa koti jeupe la seli zilizokufa, laini kama sifongo. Mvua ikinyesha koti hilo hunywa maji upesi. Mvua ikikatika hukauka, na ukavu huo ni sehemu ya afya yake. Fauka ya hayo, mmea huu huotesha mizizi mingine myembamba inayosimama wima kama sindano. Mizizi hiyo hufanya kikapu. Majani makavu yakianguka kutoka juu hudakwa humo, yakaoza polepole, na hicho ndicho chakula chake. Mti haudaiwi chochote isipokuwa mahali pa kusimama.

Nikakumbuka lusiola letu. Kwa miaka ile yote mgeni alikuwa akiishi kwa mvua na kwa majani ambayo mti wenyewe ulikwisha kuyaacha.

Sasa nilikuwa na tatizo gumu kuliko elimu ya mimea. Aliyekuwa akiua okidi ya Baba ni Mama, na silaha yake ilikuwa mapenzi. Kila kopo la maji la alfajiri lilikuwa namna yake ya kuzungumza na marehemu. Ningemwambiaje? Nilisubiri wiki mbili. Jioni moja tulipokuwa tukipukuchua mahindi nikajikaza.

"Mama, mgeni wa Baba anakufa."

"Nimeona," akasema. Hakuinua macho. "Nimemnyima nini?"

"Hujamnyima kitu, Mama. Umempa kingi."

Nikamweleza juu ya mizizi, hewa, na ndoo isiyo na tundu. Alisikiliza huku vidole vikiendelea na kazi. Kisha akauliza, "Na akifia mikononi mwako?"

Hilo ndilo lililokuwa likinitisha. Mmea ule ulikuwa kitu cha mwisho chenye uhai kilichopandwa na mkono wa Baba. Mti wake uliangushwa kwa ajili ya karo yangu. Iwapo na mgeni naye angekufa nikiwa na kisu mkononi, neno la baba mdogo lingenikaa milele. Nikamjibu ukweli: "Huenda akafa. Akibaki ndooni atakufa kwa hakika."

Akanyamaza muda mrefu. Aliponena tena hakuwa akizungumza juu ya mmea.

"Papa," akasema, kwa maana mimi nina jina la babake, "tangu Krismasi unapita pale kwenye kisiki kama mtu anayepita kaburini. Mti ule haukufyonzwa na mtu. Niliuuza mimi, mchana kweupe, kwa bei niliyoitaka. Usininyang'anye nilichokifanya."

Sikuwa na la kusema. Mwishowe akaongeza, "Mvua ikianza, tutamtoa pamoja."

Mvua ilianza katikati ya Machi. Tulitandaza gunia uani, tukaipasua ndoo kwa panga kwa sababu tungevuta mmea tungekatika wenyewe. Udongo ulitoka ukiwa tope la kijivu. Tuliosha mizizi kwa maji ya mvua na hapo tukaona msiba wenyewe: mingi ilikuwa myeusi, na ukiivuta koti lilivuka likabaki uzi mtupu mkononi. Kati ya mashina 11, manne tu ndiyo yaliyokuwa magumu. Nilipitisha kisu juu ya moto wa mkaa, nikaanza kukata. Kila kilichokuwa laini niliondoa, hadi nilipofika penye nyama nyeupe isiyo na doa. Mama alishika mmea kwa mikono miwili. Kila nilipokata kikonyo kikubwa alifumba macho, lakini mikono haikutikisika. Vidonda tulivipaka unga wa mkaa uliosagwa ili vikauke, kisha tukaulaza mmea juu ya uteo, kivulini, kwa siku mbili.

Kuhusu chungu, nilikusudia kununua. Mama akanipeleka stoo, akanionyesha chungu cha Kukhu alichopikia busaa zamani zake. Kilikuwa na ufa kutoka mdomoni hadi tumboni. Hakuna aliyethubutu kukitupa wala aliyekuwa na kazi nacho. Kwa mmea unaotaka hewa, ufa si kasoro. Niliongeza matundu matano chini kwa msumari, nikigonga taratibu huku nikilowesha udongo usipasuke. Ndani tulitanguliza vigae, kisha mapande ya mkaa yenye ukubwa wa kidole gumba, kisha magome ya msonobari niliyoyaomba kwa seremala, tuliyoyachemsha na kuyaanika. Udongo haukuingia hata ukufi.

Kosa la wengi, kama nilivyosoma, ni kuzika shina. Tuliukalisha mmea juu, shingo yake ikiwa wazi, mizizi michache iliyosalia ikipenya kati ya mkaa. Kwa kuwa haukuwa na nguvu za kujishikilia, Mama aliufunga kwa kamba ya kigomba, akipitisha chini ya chungu na kurudi juu. Nilimwangalia anavyofunga, nikajua amewahi kuona kufungwa kule. Alimaliza, akapanguza mikono, akasema, "Hivi ndivyo alivyofanya."

Kazi ngumu ilikuwa iliyofuata, nayo ni kutofanya lolote. Mmea uliohamishwa unataka siku kadhaa bila maji ili vidonda vifunge. Niliuweka chini ya mparachichi, nikamwomba Mama asiuguse kwa siku tano. Siku ya pili alfajiri nilisikia mlango wa jikoni. Nilipochungulia nilimwona amesimama mbele ya chungu, kopo mkononi. Alisimama hivyo kwa muda, kisha akaenda kumwagia maji mche wa sukuma wiki. Nilirudi kitandani. Wahenga walinena kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema kuna wageni ambao jembe ndilo linalowaua, na kwamba kumwacha mtu apumue nako ni kazi ya mikono.

Aprili ikapita bila dalili. Shina moja kati ya yale manne likanyauka. Mei ikaja, nikaacha kuutazama kila siku kwa kuogopa. Ni Mama aliyeniita, mapema Juni. Chini ya shina la pili palikuwa na ncha ya kijani iliyong'aa, ndogo kama punje ya mtama, ikielekea kwenye mkaa. Mzizi. Wiki tatu baadaye ilikuwapo mitatu, na mmoja ulikuwa umeshika ukuta wa chungu cha Kukhu kiasi kwamba kuubandua kungekuwa kuuvunja.

Mwezi wa Agosti baba mdogo alipita kwetu akiwa njiani kwenda kwenye sherehe za tohara, kwani mwaka ulikuwa wa shufwa na njuga za vijana zilikuwa zikisikika vijiji vyote. Aliona chungu chini ya mparachichi, akainama.

"Huyu si mgeni wa kaka?"

Nikasema ndiye. Akautazama kwa muda. "Siku anamfunga, ngazi niliishika mimi," akasema. "Nilimwambia atavunjika shingo kwa ajili ya majani." Akacheka peke yake, kisha akanyamaza. Hakuniomba radhi, nami sikungoja aombe. Alipoondoka alimwachia Mama kuku mmoja, na mimi akaniuliza muhula unaanza lini.

Nilirejea chuoni Septemba. Karo bado inalipwa kwa vipande, na sehemu yake hutoka kwa maziwa ya Mama. Sitadai kwamba nimesimama kwa miguu yangu mwenyewe. Ila sura ya tatu ya tasnifu nimeiandika upya, kwa kuwa niligundua nilikuwa nimelichambua ua bila kuuliza mizizi yake iko wapi. Na neno kimelea ninalitumia kwa uangalifu. Wasomi wenzangu, wengi wetu tunasoma tukiwa tumekaa juu ya matawi ya watu: wazazi, kaka waliouacha usomi, dada wanaotuma pesa kutoka vibarua. Tusikatae kwamba tumebebwa. Tujiulize tu kama mizizi yetu inashikilia au inapenya.

Okidi ya Baba haijachanua, wala siitarajii kuchanua mwaka huu wala ujao. Haitaishi chunguni daima. Lusiola ni mti mkaidi: hukatwa ukachipua. Kisiki cha mbele ya jikoni kimetoa vichipukizi vitatu, na Mama amekata viwili akaacha kimoja kilichonyooka. Kwa sasa ni chembamba kama mpini wa jembe. Hakiwezi kubeba mgeni. Tunangoja.